Namna ya kuisoma tyubu ya dawa ya meno kabla hujalipa: mwongozo kamili kwa mtu wa Dodoma

Nimeuza duka la rejareja Nkuhungu kwa miaka saba, na sidhani kama wanafika kumi wateja walioigeuza tyubu ya dawa ya meno kuusoma mgongo wake. Mchele watautafuna punje mbili, sabuni wataikwaruza kwa ukucha, kitenge watakikagua pindo hadi pindo. Dawa ya meno wanaitaja jina, wanalipa, wanaondoka. Tena jina lenyewe ni moja tu: mtu anaomba "kolgeti", ukimuuliza ipi anakunyooshea kidole kwenye Whitedent.

Siku moja bibi mmoja jirani alikuja na simu ya mjukuu wake. "Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, wala hakungoja niitikie. "Mwanangu, hebu nione hizo dawa zako za meno. Huku wanasema yenye alama nyeusi mkiani ni kemikali tupu, ya kijani ndiyo ya miti shamba." Tukazimwaga zote juu ya kaunta na kuanza kukagua mikia. Siku hiyo niligundua kwamba hata mimi mwenye duka sikujua ninachouza.

Haya niliyoyaandika hapa nimeyapanga kama ninavyofanya mwenyewe ninapochagua mzigo. Chukua tyubu unayotumia nyumbani, ndimu moja, sahani, mkasi, na simu yenye kamera ya kukuza maandishi, maana ya nyuma ni madogo kuliko punje za ulezi.

Hatua ya 1: Anza na mkia

Tyubu haijazwi kwa mdomoni. Kiwandani hufika ikiwa imeshafungwa kifuniko, mkia uko wazi. Mashine huisimamisha kichwa chini, humimina dawa kwa nyuma, kisha huubana mkia kwa joto mpaka plastiki ishikane, na hapohapo hugongwa namba. Kwa hiyo namba ya mkiani ina uzito kuliko ya kwenye boksi. Boksi linaweza kubadilishwa njiani. Mkia huwezi kuufungua ukaubana tena bila kuacha alama.

Tafuta namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa (MFG) na ya mwisho wa matumizi (EXP). Nyingine hugongwa bila wino, zimebaki mabonde tu kwenye plastiki. Iinamishe tyubu kwenye mwanga wa mlangoni utaziona. Kisha linganisha na boksi. Toleo na tarehe zikipishana, rudisha. Ukishalipa, fungua kifuniko ukiwa bado dukani: kama mdomoni kuna karatasi ya fedha ya kubandua, iwe imeshika pande zote.

Msimbo wa mistari unaoanza na 620 maana yake kampuni imesajili msimbo wake Tanzania. Hauthibitishi kwamba dawa ilitengenezwa hapa, ingawa wengi huutumia hivyo. Pia angalia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Tangu mwaka 2019 vipodozi, ambako dawa ya meno imo, vilihamishiwa TBS kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi na tyubu, huko ndiko pa kuipeleka.

Sasa ile alama ya rangi. Tyubu huanza ikiwa utepe mrefu uliochapwa na kuviringishwa kama kitambaa kwenye jora. Mashine inayoukata haijui kusoma. Inahitaji kuonyeshwa picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Basi huchapwa kijisanduku cha rangi pembeni, na jicho la mashine linapokiona, kisu kinashuka. Baadaye alama hiyohiyo huisaidia mashine ya kujaza kuigeuza tyubu ili maandishi yatazame mbele kabla ya mkia kubanwa. Rangi huchaguliwa kwa sababu moja tu, iachane na rangi ya tyubu ili jicho lisikosee. Nyeusi, kijani, nyekundu, bluu, hakuna inayosema lolote kuhusu kilichomo ndani. Nilipomweleza bibi, alicheka: "Kumbe ni chaki ya fundi cherehani!" Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Hatua ya 2: Soma viungo kwa mpangilio wake

Orodha ya viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Vikishashuka chini ya asilimia 1, vinaweza kupangwa vyovyote. Majina yameandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiyasoma polepole kwa sauti utayasikia.

Vitatu vya mwanzo karibu kila mara ni maji, kitu cha kusugulia, na kitu cha kushika unyevu. Hivyo ndivyo vinavyojaza tyubu. Cha kusugulia huwa ni kalsiamu kaboneti, yaani chaki iliyosagwa laini, au silika, ambayo ni ndugu wa mchanga lakini imetengenezwa kwa chembe ndogo mno. Cha kushika unyevu ni sobito au gliserini. Bila hivyo, kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, dawa ingekauka ikawa lipu kabla ya Jumapili. Sobito ni tamu pia, lakini si sukari ya kuozesha meno.

Kinachofuata ni kidogo kwa kiasi. Kinata, kama gundi ya selulosi au ya mwani, huzuia maji yasijitenge na unga. Sodiamu lauri salfeti ndiyo inayotoa povu, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na ndiyo pia inayofanya chungwa liwe chungu ukilila mara baada ya kupiga mswaki. Povu halisafishi jino peke yake. Linasaidia kusambaza dawa na kutupa raha ya kuona kazi inafanyika. Halafu sakarini ya utamu, mnanaa wa harufu, na rangi. CI 77891 ni titani dioksaidi, weupe uleule unaotiwa kwenye rangi za ukuta.

Kama kila mwezi unapata vidonda vya mdomoni, jaribu tyubu isiyo na hiyo lauri salfeti kwa wiki kadhaa. Wapo wanaopata nafuu. Si wote.

Hatua ya 3: Jaribu kwa ndimu

Hii watoto wangu wanaipenda. Minya dawa kidogo kwenye sahani, kiasi cha punje ya harage, kisha kamulia matone matano ya ndimu juu yake. Iache, sogeza sikio.

Kama ni ya chaki, utasikia mchemko mdogo kama soda iliyofunguliwa, na vipovu vidogo vitatokea pembeni. Asidi ya ndimu inaila chaki na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Kama ni ya silika, haitafanya lolote, itakaa imekutazama. Jeli zinazopitisha mwanga karibu zote ni za silika, kwa sababu chaki haipitishi mwanga.

Si kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya. Unataka kuijua kwa sababu ya floraidi, madini yanayolilinda jino. Kalsiamu iliyo kwenye chaki hukamatana na floraidi ya sodiamu ikawa kitu kisichoyeyuka, na floraidi isiyoyeyuka hailisaidii jino. Ndiyo maana dawa za chaki hutumia aina nyingine, sodiamu monoflorofosfeti, ambayo huvumilia kukaa pamoja na chaki. Ukikuta tyubu inayochemka kwa ndimu, kalsiamu kaboneti imo kwenye viungo, huku lebo yake inajisifu kwa sodiamu floraidi peke yake, mimi nisingeiweka dukani.

Hata hiyo inayovumiliana haivumilii milele. Kadiri inavyokaa, hasa kwenye joto, floraidi inayofanya kazi hupungua. Kibanda cha mabati kilichopigwa na jua la mwezi wa kumi kuanzia asubuhi kinaichosha dawa ya chaki mapema. Kwa hiyo chagua iliyotengenezwa karibuni, na usichukue ile iliyofifia rangi upande mmoja kwa kukaa dirishani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya floraidi, kisha jiulize maji yako yanatoka wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Floraidi ndiyo sababu ya dawa ya meno kuitwa dawa. Vingine vingi husafisha na kunukia tu. Yenyewe huurudishia madini uso wa jino uliolegezwa na asidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kiwango huandikwa kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni moja. Kinachotakiwa ni kati ya 1,000 na 1,500. Kama lebo imetoa asilimia badala ya ppm, kumbuka hivi: sodiamu floraidi asilimia 0.32 ni kama 1,450, na asilimia 0.24 ni kama 1,100. Kwa monoflorofosfeti, asilimia 0.76 ni kama 1,000, na 1.1 ni kama 1,450. Pasipo na namba yoyote, hata kama mbele pamechorwa majani na mizizi, ujue pengine unanunua sabuni ya mdomo.

Sasa maji. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mjini Dodoma maji mengi ya bomba yanatoka visima vya Makutupora, pale Mzakwe, kwa hiyo swali lako ni la kuwapelekea DUWASA, mamlaka ya maji ya mjini. Vijijini, na hasa ukielekea Singida na Manyara, kila kisima kina tabia yake kwa sababu floraidi inatoka kwenye miamba yenyewe. Kisima cha shuleni kinaweza kuwa salama, cha kilomita mbili mbele kikawa na nyingi. Waulize kamati ya maji au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama kisima chenu kimewahi kupimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunapunguza maji, floraidi inabaki palepale, basi kila glasi inakuwa na zaidi.

Je, mtu wa huko aache dawa yenye floraidi? Mtu mzima, hapana. Mabaka ya kahawia yanayoletwa na floraidi nyingi hutokea jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi, miaka takriban minane ya mwanzo. Jino lililokwisha kuota halipati tena. Wa kuangaliwa ni mtoto, kwa sababu anameza. Gramu 1 ya dawa yenye ppm 1,450 ina miligramu 1.45 za floraidi. Mtoto akijazwa mswaki mzima asubuhi na jioni, akameza zote, amepata karibu miligramu 3, sawa na kunywa lita mbili za maji yaliyofika ukomo wa kiwango. Na hapo hajagusa maji yenyewe.

Basi pima hivi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, tena umpige mswaki wewe. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya kunde, na usimame naye mpaka ateme. Yale mawimbi matatu mazuri yaliyochorwa kwenye boksi ni ya kuuzia dawa tu. Mtu mzima naye kunde moja inamtosha. Baada ya kupiga mswaki, tema na uache hivyo, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kidogo kwenye meno. Kwa mtaa wenye mgao wa maji, hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote.

Dawa za watoto zenye ladha ya matunda sizipendi sana. Kitu kitamu kama pipi halafu mtoto aambiwe asimeze! Ukiinunua, iweke juu ya kabati.

Hatua ya 5: Ukikutana na neno "ng'arisha", tulia

Mimi nimekulia kijijini Singida. Meno yangu mawili ya mbele yana mabaka ya kahawia, na nilipoingia sekondari nilikuwa nacheka mkono ukiwa mdomoni. Kidato cha pili jamaa mmoja wa mnadani aliniuzia unga mweusi kwenye kichupa, akasema wiki mbili tu yatakuwa kama maziwa. Nilisugua kwa mkaa ule pamoja na chumvi, asubuhi, mchana, jioni. Mabaka yalibaki vilevile. Kilichobadilika ni kwamba maji ya mtungini yakawa yananichoma meno hadi machozi, na mpaka leo barafu siitafuni.

Sababu yake ni rahisi. Uchafu wa chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino, kwa hiyo unasugulika. Baka la floraidi limo ndani ya gamba la jino. Kulisugua ni sawa na kusugua doa lililo upande wa ndani wa kioo cha dirisha ukiwa umesimama nje. Mkaa, majivu, mchanga laini, vyote vinakula gamba kabla ya kulifikia baka. Dawa za viwandani za kung'arisha kwa sehemu kubwa huongeza nguvu ya kusugua, nyingine hutia rangi ya bluu kidogo ili macho yaone weupe. Viwango vya kimataifa vinaruhusu ukali wa kusugua usiozidi 250 kwa kipimo kinachoitwa RDA, lakini namba hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye tyubu. Kama mabaka yanakunyima raha, nenda kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa. Yapo matibabu ya kuyapunguza au kuyafunika. Hakuna tyubu ya dukani itakayofanya hivyo, pamoja na zangu.

Hatua ya 6: Kwa meno yanayochoma

Tafuta potasiamu naitreti, kwa kawaida asilimia 5, ambayo hutuliza mishipa ya fahamu. Ipe wiki mbili hadi nne, kila siku. Inayochoma jino moja tu, mchana na usiku, hiyo si ya kutibiwa kwa tyubu.

Na kama umetoka kunywa juisi ya ubuyu au kula zabibu, ngoja nusu saa kabla ya mswaki. Asidi imelilegeza gamba. Lipe nafasi likaze.

Hatua ya 7: Linganisha bei kwa gramu

Hapa wauzaji wenzangu watanichukia. Tyubu moja imeandikwa mililita 100, nyingine gramu 100, nawe unaona ni sawa. Si sawa. Dawa ya meno ni nzito kuliko maji: mililita 100 huwa na uzito wa kati ya gramu 130 na 160 hivi, na za chaki ndizo nzito. Tuseme zote mbili ni shilingi 3,500. Ya mililita imekupa dawa zaidi kwa hela ileile.

Halafu piga hesabu ya matumizi. Familia ya watu 5, kila mmoja mara mbili kwa siku, ni mswaki 10. Mkijaza gramu nzima kila mmoja, tyubu ya gramu 100 inaisha siku ya 10. Mkitumia kiasi cha kunde, karibu robo gramu, inafika siku 40.

Hatua ya 8: Kifungashio chenyewe, na namna ya kukimaliza

Zamani dawa ya meno iliuzwa kwenye kopo, familia nzima ikichovya miswaki humohumo. Tyubu ilibuniwa mwaka 1841 na mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, John Goffe Rand, kwa ajili ya rangi zake. Colgate walianza na dawa ya kopo mwaka 1873, wakahamia kwenye tyubu 1896. Zile za mwanzo zilikuwa za madini matupu, na zikipasuka pembeni dawa ilitokea ubavuni.

Siku hizi ziko mbili. Ibane tyubu yako katikati, uiachie. Ikibaki imekunjika, katikati ya plastiki mna utando wa alumini. Ikirudi kuvimba na kuvuta hewa, ni plastiki peke yake ya tabaka kadhaa. Ya alumini huzuia vizuri zaidi harufu ya mnanaa isitoroke, na inakunjwa kutoka mkiani kwa urahisi. Ya plastiki ikunje kisha ibane kwa kibanio cha nguo, la sivyo kila siku inavuta hewa na dawa ya mdomoni inakauka. Zote mbili: futa mdomo wa tyubu, rudisha kifuniko, usiiache kwenye dashibodi ya bodaboda wala dirishani.

Ikifika hatua ya kukamuliwa kwa kidole gumba mpaka kidole kiwe cheupe, chukua mkasi. Ikate kati, chini kidogo ya mabega. Ndani, kwenye mabega hasa, utakuta dawa imejishikiza pande zote kama uji kwenye sufuria. Chukua kwa ncha ya mswaki, kisha kivishe kipande cha mkia juu ya kipande cha kichwa kama kofia, isikauke hadi kesho. Nyumbani kwangu hupata siku tatu, nne wakati mwingine. Baada ya hapo ioshe, itupe pamoja na taka zinazobebwa na gari la taka. Usiichome uani: plastiki na alumini zimegandana, moshi wake ni mbaya, na utando wa fedha utaukuta umebaki kwenye majivu.